Kufuata Maji: Mwongozo wa Kutembelea Mlango wa Mto Wami na Ardhioevu ya Saadani

Kati ya Bagamoyo na Pangani, upande wa bara unaotazamana na kisiwa cha Unguja, ipo Hifadhi ya Taifa ya Saadani, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,100, iliyopandishwa hadhi na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 baada ya miaka mingi ya kuwa pori la akiba. Wengi wameisikia kwa sababu ya picha za tembo na twiga karibu na mchanga wa bahari, kwa hiyo huja kwa gari, huzunguka nyikani asubuhi moja, hupiga picha ufukoni, kisha huondoka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutembelea upande wa pili wa hifadhi hiyo, yaani sehemu yake ya majimaji: mlango wa Mto Wami na mikoko yake, tope linalobaki wazi bahari inapokupwa, majaruba ya chumvi yaliyo kaskazini ya kijiji cha Saadani, na ufuko wa Madete ambako kasa hutaga mayai.

Maeneo haya hayafanani kutwa. Mahali palipojaa ndege saa nane mchana panaweza kuwa maji matupu saa kumi jioni, na kijito ambacho boti ilikipita alfajiri bila shida kinaweza kuwa tope tupu kabla ya adhuhuri. Ndiyo maana karibu kila ushauri uliomo humu unarudi kwenye jambo moja: msafiri apange siku yake kwa kufuata maji, na mengine yote, chakula, gari, hata saa ya kulala, yafuate baadaye.

Hatua ya kwanza: Kuchagua msimu

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wa safari hii. Sehemu kubwa ya nyika ya Saadani ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao, ukishalowa, hunata kwenye tairi na kulizamisha gari hata likiwa na nguvu ya magurudumu yote manne. Mto nao hufurika na kuwa na rangi ya kahawa, na hapo hata ndege wengi wa ufukoni wamekwisha kuondoka.

Kuanzia Juni hadi Septemba barabara huwa kavu na wanyama wa nyikani huonekana kwa urahisi, kwa sababu nyasi zimepungua na maji ya bara yamekauka. Kwa anayetaka kuona kongoni, tohe, nyati na ngiri, miezi hiyo inafaa sana. Hata hivyo, huo ndio wakati wa kusi, upepo ambao mchana huchafua bahari na kufanya mlango wa mto kuwa na mawimbi yasiyofaa kwa boti ndogo, na ndege wahamiaji wengi bado wako mbali.

Kwa maoni yangu, miezi bora kwa ardhioevu ni Januari na Februari. Mvua za vuli zimekwisha, barabara nyingi zimeanza kukauka, na ndege waliotoka Ulaya na kaskazini ya Asia, ambao huanza kuwasili mnamo Septemba na kuondoka karibu na Aprili, wamejaa ufukoni. Joto la kaskazi ni kali, hilo lazima lisemwe wazi, na msafiri mwenye watoto wadogo au wazee anaweza kupendelea Oktoba, wakati wa malelezi, ambapo upepo umetulia na mvua za vuli mara nyingi hazijashika kasi.

Hatua ya pili: Kuusoma mwezi kabla ya kupanga tarehe

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wageni wengi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila baada ya saa 24 na dakika 50 hivi, na kwa sababu hiyo saa za kujaa na kupwa husogea mbele kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita moja, na tope kubwa la mbali halifunuki kabisa.

Wakazi wa pwani wanaofuata kalenda ya Kiislamu wana wepesi katika jambo hili, kwa kuwa tarehe ya mwezi yenyewe huwapa jibu. Siku za mwanzo kabisa wa mwezi, na tena kuanzia tarehe 14 hadi 17, ni za bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na tarehe 22 hadi 24 ni za maji mafu. Asiyeifuata kalenda hiyo na atazame mwezi angani, au atafute jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam au Tanga, ambalo halipishani sana na hali ya Saadani.

Sasa lifuatalo ni jambo la kushika. Katika mkondo wa bahari ulio kati ya Unguja na bara, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, au baadaye kidogo, na hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Ratiba hiyo inamfaa sana mtazamaji. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, maji yanatoka mtoni na kingo za tope zinaanza kujitokeza wakati jua bado ni pole, na huo ndio muda wa boti. Alasiri, kuanzia saa nane, bahari inarudi na kuwasogeza ndege kutoka kwenye tope la mbali hadi karibu na ufuko, na kwa kuwa pwani yetu inatazama mashariki, jua la wakati huo linakuwa mgongoni mwa mtazamaji na kuwaangazia ndege usoni. Siku za maji mafu mpangilio huo hugeuka: maji hujaa mnamo saa nne asubuhi na kupwa mnamo saa kumi jioni, ndege hubaki mbali, na jua la asubuhi hukupiga machoni. Kwa hiyo, mwenye uhuru wa kuchagua na afike siku ya mwezi mpevu au siku inayofuata, akae angalau siku mbili.

Pamoja na hayo, ni vizuri kukumbuka kwamba ndani ya mto maji huchelewa kuliko baharini, na kadiri unavyopanda juu ndivyo yanavyozidi kuchelewa. Nahodha wa hapo anaujua ucheleweshaji huo kwa kuzoea, na neno lake litangulie jedwali lolote.

Hatua ya tatu: Njia ya kwenda

Anayetoka Dar es Salaam au Bagamoyo hufuata barabara ya lami ya Bagamoyo kwenda Msata na kuiacha Makurunge ili kuelekea kaskazini. Njia ya pili ni ile ya barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, ambapo msafiri hukata kulia Mandera na kupitia Miono hadi Saadani, mwendo wa kilomita 60 hivi. Anayetoka Tanga hupitia Pangani, huvuka mto, kisha hushuka kusini kupitia Mkwaja, na njia hiyo inampitisha karibu na Madete kabla ya kufika kijijini. Barabara ya pwani inayounganisha Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga imekuwa ikijengwa kwa awamu, kwa hiyo hali ya leo inaweza kutofautiana na ya mwaka jana. Piga simu ofisi ya hifadhi siku moja kabla ya kuondoka na uulize ni njia ipi inapitika.

Basi litakufikisha kijijini kwa bei nafuu, lakini ukishafika utahitaji gari la kukodi, kwa kuwa ndani ya hifadhi hairuhusiwi kutembea kwa miguu bila askari mwenye silaha. Watu wanne au watano wakichangia gari moja kutoka Bagamoyo hupata nafuu kubwa. Hakikisheni gari lina tairi la spea lenye upepo, jeki na sepetu, na jazeni mafuta kabisa kabla ya kuiacha lami.

Hatua ya nne: Malipo, kibali na mtu wa kukuongoza

Hifadhi inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, yaani TANAPA. Raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika Mashariki hulipa ada ndogo kwa shilingi wakionyesha kitambulisho, na bila kitambulisho mtu anaweza kutozwa kama mgeni, kwa hiyo kila mmoja abebe kitambulisho cha taifa au hati ya kusafiria. Ada ya kiingilio huhesabiwa kwa saa 24. Hapa ipo faida kwa anayefuata maji: ukiingia langoni saa sita mchana, unapata alasiri ya bamvua ufukoni siku ya kwanza na asubuhi ya mtoni siku ya pili kwa malipo ya saa 24 zile zile, ilmradi utoke kabla ya saa sita. Anayelala ndani hulipia pia ada ya malazi ya usiku.

Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu. Mtandao wa simu karibu na malango si wa kutegemea, basi ni busara kuomba namba hiyo na kulipa ukiwa bado Bagamoyo au Pangani, kisha ukahifadhi risiti kwenye simu na nakala nyingine kwenye karatasi. Boti ya mtoni, askari wa kuongozana nawe na matembezi ya miguu hulipiwa kando, na boti ni vyema iombwe mapema, kwani haiko tayari kila saa na ikiwa tayari huenda imeshachukuliwa na kundi jingine.

Unapoomba boti usiseme tu kwamba unataka kwenda asubuhi. Eleza kwamba unataka kuondoka maji yakiwa yameanza kutoka, na uzungumze na nahodha mwenyewe. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

“Shikamoo, nahodha.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Kesho maji yanaanza kutoka saa ngapi humu mtoni, na mwisho wa sisi kurudi ni saa ngapi?”

Akikujibu kwa saa mbili zilizo wazi, ya kuondoka na ya kurudi, umempata mtu. Akikuambia mtaondoka wakati wowote mtakaoamka, uliza kwa adabu kama yupo mwingine.

Hatua ya tano: Vitu vya kubeba

Darubini ni ya kwanza. Bila darubini, nusu ya ndege wa ufukoni watabaki kuwa nukta za kijivu, na hata darubini ya kawaida ya kuazima inatosha. Beba mavazi mepesi ya mikono mirefu, yenye rangi ya mchanga au kijani kilichofifia. Epuka nguo nyeusi na za bluu iliyokolea, kwa kuwa rangi hizo huvutia mbung'o, ambao katika vichaka vya Saadani wapo na wanauma hata juu ya kitambaa chembamba. Kwa miguu, kandambili haifai mikokoni, kwa sababu tope huing'oa na chaza walioganda kwenye mizizi hukata nyayo kama wembe. Vaa raba kuukuu zinazofungwa kamba na usizionee huruma. Ongeza kofia, maji ya kunywa yasiyopungua lita tatu kwa kila mtu kwa siku, dawa ya kufukuza mbu, chandarua ikiwa malazi yako hayana, tochi yenye mwanga mwekundu kama utakwenda Madete, na mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya simu na kamera.

Usibebe mifuko ya plastiki. Ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na mahali hapa sababu yake inaonekana kwa macho, kwani kila mfuko unaotupwa mjini na kuingia mtoni mwisho wake ni kunasa kwenye mizizi ya mikoko au kumezwa na kasa. Ndege isiyo na rubani ya kupigia picha nayo iache nyumbani, maana hairuhusiwi bila kibali maalumu na huwafukuza ndege wote walio ufukoni kwa mpigo mmoja.

Hatua ya sita: Mtoni

Mto Wami hukusanya maji yake kutoka milima ya Ukaguru na Nguru na nyika za Morogoro, na unapofika pwani maji hayo matamu hukutana na ya chumvi na kuchanganyika taratibu. Mchanganyiko huo ndio unaoamua nani aishi wapi. Karibu na bahari kingo zote ni mikoko. Ukipanda juu mikoko hupungua, huanza matete, mikindu na miti mikubwa ya kando ya mto, na hapo juu hukaa mbega weupe kwa weusi wanaoruka kutoka mti hadi mti. Msafiri makini ataona mpaka huo akiwa ndani ya boti, na akimwomba nahodha asimame kidogo hapo mimea inapobadilika, ataelewa mto kuliko kwa maelezo ya kitabu.

Kabla ya kupanda, kila mtu avae jaketi okozi na alifunge, hata anayejua kuogelea, kwa sababu humu mtoni kinachotisha si kina cha maji peke yake. Wami una viboko wengi na mamba wakubwa. Mikono na miguu ikae ndani ya boti muda wote, na asiwepo wa kusimama ili kupiga picha. Kiboko huona usalama wake kwenye maji ya kina, na hatari hutokea boti inapojiweka kati yake na kina hicho, au inapomziba mama na ndama wake. Nahodha mzuri hupunguza mwendo mapema, huwaacha wajue kwamba anakuja, na hupita upande usiowafungia njia. Ukiona kiboko amezama ghafla kuelekea upande wenu, usipige kelele. Mwache nahodha afanye kazi yake. Abiria wasimshinikize asogee karibu zaidi, hata wakiwa wamelipa.

Maji yanapotoka, mamba hupanda kwenye tope jipya kuota jua na mara nyingi hulala midomo wazi. Ndipo pia wanapoonekana vizuri yangeyange, korongo, mwari na wadiria, ambao huvizia samaki wadogo wanaobanwa kwenye vidimbwi. Furukombe hukaa juu kabisa ya mti, na sauti yake utaisikia kabla ya kumwona. Rudini kabla maji hayajakwisha kabisa. Mdomo wa mto una mafungu ya mchanga yanayohamahama, na boti iliyokwama hapo itasubiri bahari irudi, jambo linaloweza kuchukua saa nyingi juani.

Hatua ya saba: Mikokoni

Omba kuteremka mahali ambapo askari wa hifadhi ataona ni salama, muda mfupi tu, kwa kuwa mikoko haiwezi kutazamwa vizuri kutoka kwenye boti. Upande unaopokea mawimbi hukaa mlilana, wenye mizizi inayochomoza juu ya tope kama vigingi vinene. Nyuma yake husimama mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya upinde inayoufanya mti uonekane umesimama kwa miguu mingi. Ukiingia ndani zaidi utakuta mkandaa, ambao gome lake lilitumika tangu zamani kwa kutia rangi, na msinzi, na kwenye ardhi ya juu inayofikiwa na bamvua tu, mchu. Boriti za mikoko zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni kwa karne nyingi, na nyumba nyingi za mawe za pwani hii, zikiwemo za Bagamoyo, zina boriti hizo darini hadi leo.

Mchu utazame kwa karibu. Geuza jani lake moja bila kulichuma na utaona juu yake punje ndogo nyeupe zinazong'aa. Gusa kwa ncha ya kidole, kisha onja. Ni chumvi. Mti huu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani, wakati mkoko huichuja kwenye mizizi kabla haijapanda. Chini yake, mizizi myembamba kama penseli imesimama wima kwa mamia, nayo ndiyo inayoupatia mti hewa katika tope lisilo na hewa, kwa hiyo usiikanyage. Pita pale mwongozaji anapopita.

Kwenye mkoko tafuta vijiti virefu vya kijani vinavyoning'inia kutoka matawini. Hivyo ni mbegu zilizokwisha kuota zikiwa bado juu ya mti, na kikianguka maji yakiwa yamekupwa kijiti huweza kujichoma kwenye tope papo hapo, na kikianguka maji yakiwa yamejaa huelea na kwenda kuota kwingine. Vichipukizi vyenye majani mawili au manne vinavyoonekana ardhini ndiyo mikoko ya miaka ijayo. Mguu mmoja wa mgeni unatosha kuua vitatu.

Simameni kimya kwa dakika chache. Kaa wadogo wataanza kutoka mashimoni, dume akiwa na gando moja kubwa kupita mwili wake, akilipunga juu na chini kuwaita majike na kuwafukuza wenzake. Samaki wadogo wenye macho ya juu wataruka juu ya tope kama vyura. Tondo, wale konokono wakubwa weusi, watakuwa wametapakaa wakila majani yaliyoanguka. Na kwenye mashina ya mchu wapo konokono wadogo ambao hushuka kula maji yanapokupwa na kupanda tena kabla hayajarudi. Ukiwaona wameanza kupanda, ni wakati wa kurudi kwenye boti.

Kamba wanaovuliwa baharini kati ya Bagamoyo na Saadani, ambao ndio kitoweo na riziki ya familia nyingi, hupitisha utoto wao katika mizizi hii. Anayekata mkoko kwa ajili ya mkaa anakata pia mavuno ya mvuvi wa mwakani, na anayenunua mkaa huo ni mshirika wake. Ni jambo linaloniuma kila nionapo visiki vibichi kandokando ya vijito vya pwani, na ndiyo maana nawasihi wageni wasinunue kamwe kuni wala mkaa wa mikoko, hata wakiambiwa kwamba umeokotwa.

Hatua ya nane: Ufukoni na kwenye majaruba ya chumvi

Alasiri ya bamvua, fika ufukoni mnamo saa nane ukiwa na askari au mwongozaji, keti chini mahali pamoja, na usubiri. Kosa la kawaida ni kuwafuata ndege. Ukiwafuata wanaruka, na kila wanaporuka hutumia nguvu wanayoihitaji kwa safari ya maelfu ya kilomita. Ukikaa, maji yenyewe yatawaleta. Sululu atakuja na mdomo wake mrefu uliopinda, akichimbua kaa na minyoo walio ndani sana, na vitwitwi wadogo watakimbia ukingoni mwa wimbi wakidonoa vilivyo juu juu. Kila mdomo una kina chake, ndiyo maana ndege wa aina nyingi hula kwenye tope moja bila kunyang'anyana.

Mtafute hasa ndege mmoja mwenye miguu mirefu, mwili mweupe, mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, ambaye chakula chake kikubwa ni kaa. Huyu huzaa kwenye fukwe za Bahari ya Shamu na za Bara Arabu, na hufanya jambo lisilofanywa na ndege wengine wa ufukoni: huchimba handaki mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Anapofika kwetu mara nyingi huwa na mtoto wake, ambaye bado humlilia mzazi ampe chakula ingawa ameruka safari yote hiyo.

Bahari ikishajaa kabisa, ndege hukosa mahali pa kula na kwenda kupumzika. Hapo elekea kwenye majaruba ya chumvi, kaskazini ya kijiji. Kwenye maji yale ya kina kifupi na chumvi kali huonekana heroe, pengine wachache, pengine kundi kubwa lenye rangi ya waridi, wakipitisha vichwa majini juu chini kuchuja chakula. Majaruba ni mahali pa kazi za watu. Omba ruhusa kwa unayemkuta, usipite juu ya kingo za udongo zilizojengwa kwa mikono, na simama mbali. Heroe wakianza kuinua vichwa wote kwa pamoja na kutembea upande mmoja, umeshasogea mno.

Madete na kasa

Ufuko wa Madete, upande wa Mkwaja, ni mahali ambapo kasa wa kijani hupanda usiku kutaga. Usiende bila mtumishi wa hifadhi. Kasa anayepanda hurudi baharini bila kutaga akiona mwanga mweupe au mtu akitembea mbele yake, kwa hiyo tochi nyeupe, simu na miale ya kamera vizimwe, mkae nyuma yake, na msogee tu baada ya kuambiwa kwamba ameanza kutaga. Mayai huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi, na vifaranga hufuata mwanga wa upeo wa bahari. Taa moja ya nyumba au ya gari huweza kuwapeleka bara wakafa. Usinunue mayai, nyama wala gamba la kasa popote, kwani ni kosa kisheria.

Kijijini Saadani

Kijiji hiki ni cha kale kuliko hifadhi. Hapa ndipo Bwana Heri alipowapinga Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1880, wakati Abushiri akipigana Pangani na Bagamoyo, na wazee wa hapa wanastahili heshima ya wenyeji wa mji wenye historia. Anza kwa salamu kabla ya swali lolote, wanaume na wanawake wavae nguo za stara wakiwa nje ya ufuko wa malazi yao, na picha za watu zipigwe kwa idhini. Kula kwa mama lishe wa kijijini: samaki wa asubuhi na wali wa nazi ni chakula bora kuliko makopo mliyobeba, na fedha hiyo inabaki kwa watu wanaoishi na tembo mashambani na viboko njiani.

Kwa asiye na muda wa kufika Saadani

Mwenye siku moja tu Bagamoyo anaweza kwenda Kaole, kilomita 5 hivi kusini ya mji, ambako magofu ya msikiti wa karne ya 13 yako karibu na mikoko iliyoziba bandari ya kale. Dakika chache kwa miguu zinamfikisha kwenye mchu na tondo bila boti. Mwenye nusu siku na boti nzuri anaweza kwenda kaskazini hadi mlango wa Mto Ruvu, ambako pia wapo viboko, ndege na mikoko mikubwa, kwa taratibu zile zile za jaketi okozi na viboko zilizoelezwa hapo juu. Kabla ya kwenda baharini, msikilize mtabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi hiyo, na kama kuna tahadhari ya upepo mkali, ahirisha hadi bamvua ijayo, ambayo huja baada ya wiki mbili.